Tarakimu ya Mwisho

Kadi ya baba nimeikuta ndani ya droo ya cherehani,
Kibuye, nikitafuta vifungo.
Ile nne inayotangulia yataja kampuni,
tano zinazofuata, benki.
Kisha tisa ni zake mwenyewe:
Ombajo fundi, aliyekopa kitambaa cha sare za shule
akalipa hadi senti.
Ya mwisho haina mali. Ni bawabu tu,
huzikagua nyingine zisidanganye.

Nikachukua chaki yake, nikaandika mezani:
hii naizidisha kwa mbili, hii naiacha,
nikajumlisha alivyonifunza, bega kwa mkono.
Sabini.
Imeishia sufuri, hesabu imekubali.

Kadi imekwisha muda mwezi wa tatu.
Yeye hakuingoja,
aliondoka wa pili,
na koti la mtu bado halijatiwa mikono.