Kitabu cha Geti, Madimba

Zamu ya usiku nashika kalamu mbili:
nyeusi ya kitabu cha geti,
buluu ya mitihani ya chuo huria.

Saa nane na robo. Hokororo ameingia, fundi wa vali.
Jina, namba ya gari, saa.
Alipitia Ziwani, au alizungukia kwa shemeji yake,
kitabu hakiulizi.

Entropia nayo, naanza kuijua, ni karani wa aina hiyo.
Nipe mwanzo, nipe mwisho.
Njia ni yako.

Swali la tatu. Moli mbili za gesi kamilifu,
nyuzi ishirini na saba, halijoto haibadiliki,
ujazo unakuwa maradufu.
Mbili, mara nane nukta tatu moja nne,
mara logi asilia ya mbili:
nakokotoa pembeni mwa ukurasa wa wageni
(bosi atagomba)
mpaka inatoka kumi na moja na nusu,
jouli kwa kila kelvini.

Sehemu (a): pistoni inasogea taratibu,
gesi inanyonya joto ukutani, inainua mzigo.
Sehemu (b): kizuizi kinachomolewa ghafla,
gesi inaruka ndani ya utupu
bila kuinua hata ganda la korosho.
Jibu lilelile.
Nikafuta. Nikarudia.
Lilelile.

Kaka yetu Nandonde alihama nyumbani mwaka mzima,
mwezi huu godoro, mwezi ujao sufuria,
mama akijifunza kupika kidogo.
Somoe alitoka siku moja, ugali ukifuka mvuke,
mlango ukabaki unacheza kwenye bawaba.
Leo wote wako Mbagala, vyumba vinatazamana.
Ukiwakuta huko huwezi kujua nani aliondoka vipi.

Ila kuna sehemu (c), ile tunayoiruka mtihanini:
hesabu na mazingira.
Kwa taratibu, ukuta ulitoa kile gesi ilichopata.
Jumlisha: sifuri. Pistoni hurudi ukiisukuma.
Kwa ghafla, ukuta haukuombwa kitu,
na kumi na moja na nusu yote
imeingia duniani moja kwa moja,
haina wa kuidai.

Mama bado anapika ugali wa watu watatu.

Saa kumi na moja. Hokororo anatoka, macho mekundu.
Naandika saa.
Halafu, nje ya utaratibu, nainama dirishani kwake:
"Hivi, usiku ulikuja kwa njia gani?"