Mega Mia Mbili Chini ya Ngazi

Mtaa huu wa Pipeline umebeba jina la bomba,
na maji huja Alhamisi, yakikumbuka.
Mimi nalinda kinachopita bila kulowesha:
mega mia mbili, vyumba tisini na sita,
skrini moja yenye ufa pembeni
chini ya ngazi, kando ya mita za stima,
ambapo kila anayepanda
hukanyaga paa langu.

Kila sekunde tano grafu inapumua.
Kijani ni kinachoshuka, samawati ni kinachopanda.
Sioni wanachotazama. Kithinji mwenye laini
aliniapisha siku ya kwanza:
pima uzito wa gunia, usifungue gunia.
Lakini mpagazi wa siku nyingi
hujua mahindi na maharagwe kwa bega.

Jioni kijani hupanda ghorofa zote kwa pamoja,
ugali umesongwa, mpira umeanza.
Bao likiingia, makelele hushuka ngazi kwanza,
grafu hufuata, kila mtu akitaka kuliona tena.

Saa nne, 614. Odongo fundi wa friji anashusha filamu
kama mtu anayeteka kwa pipa
na foleni nyuma yake ni ya vibuyu.
Nambana. Mega tatu, bwana, na wengine waishi.
207 ni Mutheu na mitihani yake ya uuguzi:
nukta, kimya,
nukta, kimya,
husoma ukurasa hadi uishe.
Saa sita na nusu yule wa 411,
anayenisalimia kwa kope tu,
huwasha kitu kizito kwa dakika kumi na moja, kisha huzima.
Hapo sibashiri. Bega nalo lina adabu yake.

Saa saba ya usiku ndipo 302.
Mama Nafula. Kwake kijani na samawati husimama sawa kwa sawa,
kama watu wawili waliobeba meza.
Ni simu ya kuonana; hakuna kingine kinachochora hivyo.
Bintiye yuko Dammam, nyumba ya watu,
na saa hiyo wenye nyumba wamelala.
Dakika kumi na nne. Wakati mwingine ishirini.
Kisha meza inatuliwa.

Tangu Jumanne ya juzi hakuna meza.
Kuna midonoo tu, mmoja, baada ya dakika mwingine,
kama mtu anayefunua sufuria
kuona kama imechemka, na jiko limezimika.
Saa saba mpaka saa kumi.
Nakesha naye, bila yeye kujua.

Jana Kithinji alituma orodha: 302 hajalipa, kata.
Kukata ni kubonyeza mara moja. Kidole kilifika.
Nikamwandikia: 302 ina hitilafu, mkuu, naishughulikia.
Nilidanganya, ndiyo, kwa herufi na nukta zake.

Asubuhi hii, Alhamisi, nikamkuta na ndoo,
nikashika upande mmoja wa mkono wake.
Ningemwambia nini? Nimekuona hulali?
Akasema, "Kijana, intaneti yenu siku hizi iko?"
Nikasema, "Iko, mama. Iko yote."
Hakuuliza zaidi.
Maji yalimwagika kidogo kwenye ngazi ya tano.

Sasa ni saa saba na dakika arobaini.
Nimembana Odongo hadi mega moja; atanitukana kukicha.
Mutheu amelala. Njia nzima imefagiliwa,
kama 302 itataka kupita.
Sekunde tano. Mdonoo.
Sekunde tano.
Sekunde tano, na kijani kinanyanyuka,
kinayumba, kinashika—

nageuza kiti kabla samawati haijaamua.
Mtu hasimami mlangoni mwa watu bila hodi.
Natazama mita za stima.
Hata hapo, kijitaa chekundu cha 302
kinakonyeza.