Chombo

Sufuria lilikuwa la arusi ya mamangu,
la kupikia pishi tatu za wali.
Bishara Mwidani alilitoboa kwa keekee ya karakana ya reli,
matundu sitini na manne,
akatia glopu za tochi kwa ndani,
akalifudikiza, akalining'iniza kwa mshipi,
akasema: "Chombo."
Mamangu, mlangoni, upawa mkononi:
"Chombo changu."
Ndivyo ilivyoanza Safari ya Kilimia.

Pesa hatukuwa nazo. Tulikuwa na Mombasa.
Mwezi tuliupata Bamburi, kwenye machimbo ya simiti,
matumbawe meupe, saa sita ya mchana,
hapana kivuli, hapana ndege.
Kapteni wetu alikuwa Nyevu, mwendesha winchi wa Kilindini,
ndani ya magunia ya kahawa niliyoyapaka rangi ya fedha.
Alitembea kama anayekanyaga mayai
na watu hadi leo wanausifu ule wepesi wa angani.
Wepesi gani? Changarawe zilikuwa moto
na soli zake zimetoboka.

Mji wa viumbe tuliupiga usiku, Changamwe,
kiwanda cha mafuta, mabomba, taa,
na ule mwali usiojua kulala.
Askari wa lango akauliza tunafanya nini.
Kantilal, aliyezoea kupiga picha za maarusi,
hakuliondoa jicho kwenye kamera:
"Ndiyo kwanza tunafika, afande. Njiani miaka mia tatu."
Afande akatazama saa yake.
Akatupa dakika kumi.

Na sauti ya dubwana, hiyo ni yangu mimi.
Nilijifungia chooni, kwa ajili ya mwangwi,
nikakuna nazi kavu hadi kiganja kikachubuka,
kisha tukaurudisha utepe polepole, polepole.
Watoto wa Majengo walilala na taa mwezi mzima.
Walimwogopa mbuzi.

Filamu ya kwanza ilichekwa.
Mshipi ulionekana. Glopu moja ikakatika katikati ya nyota,
moshi ukafuka,
na mtu wa safu ya nyuma akapaza sauti:
"Wali umeungua!"
Bishara alitoka, akakaa kwenye ngazi za sinema,
akazihesabu njugu za kwenye karatasi bila kula hata moja.

Lakini wiki ya pili waliocheka walirudi,
na wake zao, na mashemeji,
na moshi ulipofuka ukumbi mzima ukasema kwa pamoja.
Filamu ya pili tukampa Nyevu maneno hayo:
injini inazima, kapteni anageuka taratibu, "Wali umeungua."
Bandarini kreni ikikwama, wakasema hivyo.
Mahakamani shahidi akijikanyaga, wakasema hivyo.
Ya tatu, tiketi zililanguliwa Mwembe Tayari bei ya kuku wawili;
khatibu akatutaja mimbarini
na Jumamosi foleni ikapinda kona.

Nyevu hakuifikia ya tano.
Winchi, si nyota, ndiyo iliyomchukua.
Tuliiweka kofia yake kwenye kiti cha rubani, tupu,
na glopu ilipozima
watu mia nane walijua la kusema
na hakuna aliyelisema.

Baadaye alikuja mtu na mkoba, kutoka ng'ambo,
anataka kulinunua sufuria. Alitaja bei, tukaketi.
Mamangu hakuketi.
"Mwambieni niliazima. Sikuuza."

Sasa na yeye hayupo. Liko kwangu, roshani, Kibokoni,
nimelijaza udongo na mrehani.
Alasiri nalimwagilia
na maji yanatokea madirishani mwa abiria,
tone tone, yakimeta kabla hayajaanguka.
Chini, mpita njia anafuta bega,
anatazama juu.