Mpaka wa Rangi

Yeko amerudi likizo na turubai,
ameiegemeza kwenye gunia la mahindi
akasema: hili ni shamba letu.

Mama akavaa miwani, akavua.
Elgon, mlima tunaouona mweusi asubuhi
na mchana hatuuoni kabisa kwa mawingu,
kaupaka zambarau,
mistari minene, matuta kwa matuta,
ukipitisha kidole rangi inakukwaruza.
Mbingu ya manjano. Shayiri ya buluu.
Na punda wetu Simiti,
aliyeitwa kwa mzigo wake wa kwanza,
mwekundu, tofali lililotoka tanuruni sasa hivi.

"Huko chuoni mnafundishwa kudanganya?"
"Sidanganyi, baba. Joto la siku ile lilikuwa hivyo."
"Siku ipi?"
"Uliyouza kipande cha chini."

Kuku akapita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza.

Baba akasogea, pua nusura iguse rangi.
Akatafuta masale aliyopanda kwa mkono wake
mbele ya mashahidi watatu na mwenyekiti,
siku ada ya Yeko ilipolipwa taslimu.
Hakuyaona. Kijani kilitoka mlangoni petu
kikateremka, kikateremka,
mkupuo mmoja wa brashi,
hadi mtoni, bila kumwomba mtu ruhusa.

Jioni Satya alikuja kurudisha jembe.
Akaisimamia picha, jembe begani.
Mnunuzi ni yeye, na karatasi anayo.
"Kahawa yangu iko wapi hapa?"
Yeko akachovya brashi, aibu imemjaa,
atie nukta mbili tatu nyekundu pale chini.
"Acha," Satya akasema. "Acha kwanza."
Akacheka kidogo, akakuna shingo.
"Kipande hiki, cha kwenye picha, mnauza bei gani?"

Baba hakujibu upesi.
Nilimwona akipiga hesabu, midomo ikicheza,
kama anavyofanya mnadani.
"Hiki," akasema, "bado hakijakauka."

Mama akaishusha kalenda ya benki,
mwaka wenyewe umeshapita,
akagongomelea msumari kwa mchi.
Nyumba nzima ikalala na harufu ya mafuta
yasiyopikiwa kitu.

Alfajiri nilitoka kumfunga Simiti mzigo wa viazi.
Nikautazama mlima, nikaukazia macho.
Mweusi, kama jana.

Nikamtazama punda.
Nikamtazama tena.