Kifungo cha Juu

Tulikuwa na picha moja tu, pasipoti saizi
ya cheti cha darasa la saba, pembe imetobolewa na pini.
Aminieli wa miaka kumi na minne,
masikio yametangulia kichwa,
anaitazama kamera kana kwamba inamdai.

Alikufa na thelathini na moja.
Utingo wa fuso, mabega ya mtu aliyebeba mbolea,
kovu la bisibisi chini ya kidevu,
na picha hakuna. Simu yake ilikwenda na gari,
karibu na Himo.

Mama akasema: Ndekirwa, wewe si unachora?

Nikakaa barazani Pasua, mvua ya Aprili ikipiga mabati,
nikachonga penseli mpaka ikawa fupi kuliko kidole gumba.
Uso nikautoa kwenye picha. Nikauzeesha:
kivuli chini ya macho, ndevu mbili tatu.
Nikapata mzee wa miaka kumi na minne.
Nikafuta. Nikarudia. Nikafuta
hadi karatasi ikaota manyoya.

Nikamsikia Mwalimu Ndosi, marehemu naye,
akigonga ubao kwa rula ya mninga:

    Mwanga utoke pamoja, kivuli kije upande,
    Pima kwanza, kisha ngoja, mstari usijipinde,
    Ukichanganya vioja, kazi hiyo usipende,
    Picha ni kauli moja, si sauti za vipande.

Kweli, mwalimu.
Ila huyu mtu ninaye kwa vipande.

Basi uso nikauacha ulivyo, wa mtoto.
Mabega nikayakata kwenye mfuko wa saruji,
kaki yenye mikunjo yake na nusu ya neno, RUJI,
ikapita kifuani.
Shati ni shati: lile la drafti la Kiborloni,
alilibishania bei hadi muuzaji akacheka
akampa kwa buku mbili. Nikakata kola, mfuko,
na kifungo kimoja. Mkasi ulisita kuliko mimi.
Mikono nikaichora kwa mkaa, mikubwa kupita kiasi,
kwa sababu ndivyo ilivyokuwa,
ilikuwa ikiingia mlangoni kabla yake.
Kovu nikalishona kwa uzi mwekundu. Halikuwa jekundu.
Mlima sikumwekea nyuma. Wapo wanaouuza pale stendi,
mweupe juu, tembo chini,
kila turubai na asubuhi ileile.

Usoni jua linatoka kushoto, ni taa ya studio ya mwaka ule.
Shatini linatoka kulia.
Mikono haina jua, ni ya safari za usiku.
Na shingo?
Shingo sikuipata popote.
Nikaacha mwanya, karatasi tupu, upana wa vidole viwili,
kati ya mtoto na mabega.

Binamu Eliakimu akaja na soda,
akatazama akiinamisha kichwa kama kuku aliyeona kivuli.
"Kichwa hakimwenei," alisema.
"Ungempelekea yule kijana wa kompyuta, Mbuyuni.
Anaunganisha mpaka mshono huuoni."

Mpaka mshono huuoni.
Sikumjibu. Nilikuwa nabandua gundi kwenye vidole,
ngozi nyembamba nyembamba, moja baada ya nyingine.

Jioni mama akaja na miwani yake iliyofungwa plasta.
Hakuuliza habari za mwanga.
Uso aliupita, huo anaujua, aliuzaa.
Alisimama kwenye ule mwanya,
akauwekea mgongo wa kiganja
kama anayepima homa.
Kisha akapenyeza ukucha chini ya kola,
akakifungua kile kifungo cha juu
nilichokibandika kwa uangalifu kuliko vyote.
Karatasi ikachanika kidogo.

"Huyu hakuwahi kukifunga," alisema.
"Hata kanisani."

Akauliza nyundo iko wapi.