Kifungu cha Saba

Duluth, mwezi wa pili. Ziwa limeganda hadi upeo wa macho.
Nyumba hii ilinadiwa kwa deni la kodi;
tukainunua sisi, chama kisichotafuta faida,
chenye birika moja la kahawa.
Paa limebonyea, popo darini,
mabomba yamepasuka kama midomo ya kipupwe.

Ragnhild, fundi bomba mstaafu,
alilala chali chini ya sinki wikendi kumi na moja,
akitukana kwa Kinorwei.
Mimi nilikwangua rangi: kijani, waridi, kijani tena.
Kila aliyepita hapa alitaka pake pang'ae.

Leo Lorna Beaulieu, dereva wa basi la shule,
anatia sahihi juu ya kaunta.
Miaka minne amelala na wanawe sebuleni kwa dada yake.
Kwenye kifungu cha saba kalamu inasita:
ardhi itabaki ya jumuiya;
ukihama, utauza kwa bei atakayoimudu mwingine kama wewe.

"Kwa hiyo sitajirikii hapa."

Hatumjibu.

"Basi mwambieni huyo ajaye
mlango wa nyuma unataka bega."

Anasaini. Kisha anafungua bomba la jikoni,
analifunga, analifungua,
wala hana kiu.