Shahidi wa Pili

Hapa talaka haisemwi. Hujazwa.
Karatasi moja, mistari ya kijani,
nyepesi hata ukiiinua taani
waona vidole vyako upande wa pili.

Chizuru aliileta nikiwa nafunga duka,
theluji mabegani, kaikunja ndani ya gazeti
kama aliyebeba samaki asiye wake.
"Tunatakiwa mashahidi wawili," akasema.
"Wa kwanza ni dada. Wa pili nimekufikiria wewe."

Mimi fundi saa.
Nimezoea kuletewa vitu vilivyosimama.
Sikuzoea kuulizwa kama kweli vimesimama.

Morihiko akaingia nyuma yake, akakung'uta viatu,
akaomba radhi kwa tope, si kwa jingine.
Nikabandika maji ya chai. Nikauliza,
maana sikujua, na mjinga ana haki ya kuuliza:
Hakimu yuko wapi?
Hakuna hakimu, mkikubaliana.
Na kosa, mnaandika ni la nani?
Haiulizi kosa.
Haiulizi?
Haiulizi.

Inauliza Kanade, wa miaka tisa, atakuwa chini ya nani.
(Chini ya mama; ingawa jina lake litabaki
katika daftari la ukoo wa baba
hadi mahakama iruhusu lihame.)
Inauliza jina la mke: lirudi kwao, au libaki?
Ana miezi mitatu ya kuamua anataka kuitwaje.
Fedha haimo. Nyumba haimo.
"Hayo yaandikeni pembeni," karani aliwaambia,
"na myaandike sasa, kabla hamjachukiana."

Wakajaza taratibu, kalamu moja, wakipokezana
kama wanavyopokezana chumvi watu waliokula pamoja
miaka kumi na minne.

Kisha kisanduku kile.
*Mlianza kuishi pamoja lini?*
"Aprili," wote kwa mara moja, na wote wakacheka,
wakakumbuka jiko la gesi lililokataa kuwaka,
na siku tatu za kula tambi baridi.
*Mlitengana lini?*

"Februari," alisema Morihiko.
"Nilipohamishia godoro ghala la matofaa."
"Sivyo," alisema Chizuru.
Birika lilikuwa limeanza kulia. Sikuliondoa.
"Usiku aliokufa mama yako.
Walikupigia simu, ukakaa jikoni mpaka kukapambazuka.
Hukuniamsha."
"Ulikuwa umelala."
"Nilikuwa macho.
Nilikuwa nangoja uniamshe."

Saa arobaini ukutani, kila moja na wakati wake.
Hakuna hata moja iliyonisaidia.

Wahenga wote, wa kwetu na wa kwingine,
wamekubaliana: maji yakimwagika hayazoleki.
Lakini hawakuishi Yokote.
Hapa maji humwagika usiku kucha, meupe, bila sauti,
na alfajiri sote tuko nje na mabeleshi, tunazoa.
Tunazoa tangu Desemba. Tunazoa hadi migongo inatukana.
Kesho yake njia haionekani tena.
Labda wazee walitaka kusema hivyo:
si kwamba hayazoleki,
ila mtu huchoka.

Nikatia sahihi. Jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa.
Shahidi haulizwi alichokiona.
Kisanduku kile kilikuwa bado kitupu
walipotoka kwenda kwenye dirisha la usiku la manispaa,
ambako mlinzi hupokea chochote,
vizazi, vifo, hiki,
na hukuambia tu: angalieni ngazi, zinateleza.
Sijui waliandika tarehe ya nani.

Asubuhi nilimwona Morihiko na beleshi
mbele ya mlango ambao si wake tena.
Alifika nusu ya njia, akasimama,
akaitazama mikono yake, kama mtu aliyegundua
kuwa ameingia basi la jana.

Kisha akamalizia ile nusu.
Akaliegemeza beleshi ukutani, pale pale lilipozoea,
akaenda zake.